Mashine ya kudurufu irudi kazini: shajara ya mradi

Januari, wiki ya kufungua shule

Mkuu wa shule ametia saini barua yetu. Mashine ya kudurufu iliyolala stoo nyuma ya viti vibovu imeondolewa kwenye orodha ya vyuma vya mnada, na tumepewa hadi mwisho wa muhula kuonyesha kwamba bado inaweza kazi. Lengo nimeliandika kwa sentensi moja: ichape jaribio halisi la darasa halisi, kutoka kwenye stensili, yaani karatasi ya nta, iliyopigwa kwa taipureta, bila umeme. Sitaki iishie kuwa pambo la kabati la vioo.

Nieleze kwa nini, ili atakayesoma kumbukumbu hizi baadaye ajue tulianzia wapi. Nilisoma shule hii hii, hapa Tanga, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kila karatasi tuliyogawiwa ilipita kwenye mashine hii: majaribio, ratiba za zamu, barua za likizo, orodha ya ndoo na mafyekeo ya kuja nayo bwenini, hata mashairi ya mahafali. Ofisi ya chapa ilikuwa mkabala na darasa letu. Ijumaa mchana ukisikia mpini unazungushwa, shaka-shaka-shaka bila kukatika, ulijua Jumatatu kuna jaribio, na kuazimana madaftari kulianza papo hapo. Karatasi zilifika zikiwa bado na ubaridi wa wino, maandishi yametokeza hadi upande wa pili, darasa zima linanuka mafuta. Mpaka leo nikiisikia harufu ile, hofu ya Fizikia inanirudia tumboni, na naipenda hofu hiyo kwa sababu imekuja na ujana wangu wote.

Januari, Jumamosi: kuitoa stoo

Imetoka. Tumeipeleka chumba cha maandalizi cha maabara, juu ya meza ya zege, mahali ambapo haitatikisika.

Ni Gestetner ya mkono, ya karatasi za fulskepu, na bamba lake linasema imetengenezwa Uingereza. Ndani yake kuna silinda mbili, moja juu ya nyingine, na kitambaa cha hariri kilichozizungukia zote mbili kama mkanda. Wino unakamuliwa juu ya silinda, rola nyembamba zinazocheza kushoto na kulia zinausambaza, kisha unapenya kwenye hariri. Stensili inatundikwa juu ya hariri hiyo kwa matundu ya kichwani mwake. Karatasi inapopita, rola ya mpira inaisukuma juu, na wino unatoka pale tu ambapo nta ya stensili imetobolewa na herufi. Mzunguko mmoja wa mpini, nakala moja. Basi.

Hali yake tumeiandika hivi. Fremu nzima, meno ya gia mazima, mpini upo. Kihesabio cha nakala kimeganda. Wino wa zamani umegeuka lami juu ya silinda zote. Hariri imeliwa na panya, na iliyosalia inakatika ukiigusa. Magurudumu madogo ya kuvuta karatasi yamepasuka. Rola kubwa ya mpira imekuwa ngumu usoni lakini haijachimbika, na hiyo ndiyo habari njema kuliko zote, maana sijui fundi wa kutuundia nyingine.

Februari: mafuta ya taa

Kazi ya mikono tu. Lami ya wino imekubali mafuta ya taa na vitambaa vya fulana kuukuu, taratibu, pembe kwa pembe. Mafuta hayo hatuyapeleki kwenye mpira hata kidogo, kwa sababu mpira ukiyanywa unavimba. Rola tumeiosha kwa sabuni, halafu tukapitisha spiriti kidogo kuondoa ule utando wa kung'aa. Kihesabio kimeachia baada ya kulazwa usiku mzima na mafuta ya cherehani.

Vijana wakisugua, nimewasimulia mashine imetoka wapi, nao wameuliza maswali mazuri kuliko niliyotegemea. Thomas Edison alipata hataza ya kalamu ya umeme iliyotoboa karatasi mwaka 1876, na mwaka 1887 kampuni ya A.B. Dick ya Chicago ikaanza kuuza mashine ya kudurufu kwa jina la Edison. Upande wa London alikuwepo David Gestetner, kijana kutoka Hungaria, ambaye mwaka 1881 alipata hataza ya kalamu yenye kigurudumu kidogo cha meno kilichotoboa nta unapoandika. Inasimuliwa kwamba kabla ya hapo aliwahi kuuza tiara mitaani Chicago, tiara za karatasi laini lakini imara ya Kijapani, na kwamba karatasi hiyo ndiyo iliyompa wazo la stensili. Mwaka 1906 alifungua kiwanda Tottenham, kaskazini mwa London. Mwaka 1929 kampuni ikamwita Raymond Loewy, msanifu wa bidhaa, aisanifu mashine upya. Loewy akazificha gia ndani ya kasha na kuikata miguu iliyokuwa imechomoza, ambayo watu wa ofisini walikuwa wakijikwaa juu yake. Mwanafunzi mmoja alipolisikia hilo aliinama chini ya meza akaiangalia mashine yetu, kisha akasema, "Kumbe hili kasha lina mtu wake."

Februari: Ngamiani, kwa mama wa chapa

Chuma kinaweza kusafishwa na yeyote. Kupiga stensili ni jambo jingine, na mtu anayelijua yuko Ngamiani, hapa hapa Tanga. Tangu enzi zetu tunamwita mama wa chapa. Alisomea uhazili Tabora, akapangiwa shule yetu mwaka ambao vita vya Kagera vilikuwa vinaanza, akastaafu kompyuta zilipokuwa zimeshaingia ofisini. Nimemkuta barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia mmeichokoza mashine yangu."

Nilikuwa na maswali kwenye daftari, sikuyafuata. Aliniambia nitoe kalamu niandike kwa mpangilio wake, na nimeandika.

Kwanza mswaki. Kabla ya stensili kuingia, herufi zote za taipureta zinapigwa mswaki mkavu, kwa sababu vumbi la utepe hujaa ndani ya a, e na o, na herufi iliyojaa haikati nta, inaiponda tu. Kisha kile kitasa cha rangi ya utepe kinapelekwa kwenye alama nyeupe, ili utepe ukae chini na chuma kigonge stensili moja kwa moja. Kuanzia hapo hauoni unachoandika vizuri, unaona kivuli tu.

Halafu vidole. Hapa ameinyoosha mikono yake juu ya meza ya kahawa na kunionyesha. Kidole cha mwisho cha kushoto ndicho kinachopiga a, na ndicho kidhaifu kuliko vyote, wakati Kiswahili kimejaa a kila neno. Kwa hiyo kidole hicho lazima ukifundishe kupiga kwa nguvu ya makusudi. Herufi pana kama m na w nazo zinataka nguvu. Nukta na mkato ni kinyume, unazigusa tu, maana eneo lake ni dogo na ukizigonga zinatoboa mpaka karatasi ya nyuma. Na o ukiipiga kwa hasira inatoka kitovu, na kwenye nakala utapata doa jeusi la duara kila penye o. "Mtu akiwa na ugomvi nyumbani," alisema, "nilikuwa naujua kwa o zake."

Kosa likitokea, stensili inaachanishwa na karatasi yake ya nyuma kwa kipande cha penseli, dawa ya kusahihishia inapakwa utando mmoja mwembamba, unasubiri ikauke, ndipo unapiga tena, kwa wepesi zaidi ya mara ya kwanza. Ukipaka nene, herufi haikati. Usiposubiri, nta inang'oka na stensili nzima imekwenda.

Kwa sababu hiyo alikuwa haanzi kupiga kitu ambacho hajakisoma hadi mwisho. Mwalimu analeta jaribio kwa mwandiko wake, naye anakaa nalo kwanza. Namba za maswali zimefuatana? Alama zinajumlika? Swali moja halijarudiwa kwa maneno mengine? Likiwa na kasoro, linarudi kwa mwenyewe, awe mwalimu mgeni au mkuu wa shule. Alikuwa karani wa cheo cha chini kabisa katika jengo lile, na hakuna karatasi iliyowafikia wanafunzi bila kupita kwenye akili yake. Hilo nilikuwa silijui nilipokuwa mwanafunzi, na kwangu limekuwa kiini cha mradi huu wote. Nta ilikuwa ghali na ngumu kurekebisha, kwa hiyo watu walisoma kabla ya kuchapa.

Amenieleza pia miaka ya uhaba baada ya vita, karatasi ilipokuwa adimu kama sukari. Jaribio lililoweza kuandikwa ubaoni liliandikwa ubaoni. Lililobaki lilibanwa nusu karatasi, pande zote mbili. Stensili nzuri haikutupwa, ilikandamizwa kati ya magazeti ili yanywe wino, ikatundikwa, ikangoja mwaka unaofuata.

Na siri. Kipindi cha mtihani wa moko alifunga mlango wa ofisi ya chapa kwa ndani. Nakala zilizoharibika, stensili zilizotumika, hata karatasi za nyuma ambazo herufi ziliacha alama, vyote vilichomwa nyuma ya jiko mbele ya mwalimu wa taaluma. Binti yake alikuwa akisoma shule hiyo hiyo. "Alikuwa anajua hasogei upande ule mpaka mtihani uishe. Chakula nilimtuma mtu ampelekee." Hakuwahi kuulizwa swali hata moja kuhusu karatasi iliyovuja, na alilitamka hilo kwa fahari ambayo sijaisikia kwa wengi wenye vyeo.

Nimemwomba aje shuleni. Amesema atakuja taipureta ikiwa safi.

Mwishoni mwa Februari: kipindi cha Historia

Mwalimu wa Historia ameomba mashine iwe somo la kidato cha tatu, na amelifundisha vizuri. Mwaka 1957 chama cha TANU kilianza kutoa Sauti ya TANU, karatasi chache zilizodurufiwa, Julius Nyerere mwenyewe akiwa mhariri. Chama kisichokuwa na kiwanda cha uchapaji kilihitaji taipureta, stensili, wino na mkono wa kuzungusha tu. Mwaka 1958 makala moja ya humo iliyowagusa ma-DC wawili, yaani wakuu wa wilaya wa serikali ya kikoloni, ilimfikisha Nyerere mahakamani kwa kashfa, akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, naye akalipa faini. Nimefurahi kuwaona wanafunzi wakiizunguka ile meza ya zege na kuutazama mpini kwa macho mengine.

Machi: hariri na mpira

Hariri halisi hatuihitaji. Vijana wanaochapa fulana wana kitambaa cha poliesta cha kukaza kwenye fremu zao, chenye matundu madogo sawasawa. Tumenunua kipande, fundi cherehani amekikunja kingo na kukishona kwa vipimo vya kile kilichooza. Kukikaza kwenye mashine kumechukua mchana mzima, kwa sababu kikikaa upande kidogo tu, mistari yote itapanda mlima.

Magurudumu ya kuvuta karatasi tumeyavisha pete zilizokatwa kwenye tyubu ya baiskeli na kuzigundisha kwa solusheni ya kuzibia pancha. Zinashika vizuri kuliko nilivyothubutu kutumaini.

Machi, masika yameanza: stensili na wino

Boksi la stensili lilikuwa ndani ya kabati la chuma, chini ya vitabu vya mahudhurio. Za juu zimekauka, ukizikunja zinatoa unga. Za katikati bado zinapinda bila kupasuka, nta yake laini, mistari ya kupimia ukurasa inasomeka. Hizo ndizo mtaji wetu, na tumezifunga kwenye mfuko wa plastiki.

Wino wa mashine hii haupo tena madukani kwetu. Dawa imetoka shule jirani, ambako mitihani inachapwa kwa Riso, mashine ya kudurufu ya Kijapani. Nayo Riso ni ndugu wa damu wa mashine yetu. Kichwa cha joto kinatoboa utando mwembamba, utando unavingirishwa kwenye silinda, wino unapita kwenye matundu. Walichokiondoa Wajapani ni vidole vya mhazili na mkono wa kuzungusha. Wino wake haukaukii kwenye silinda, na makopo yanayotupwa bado yana mabaki pembeni. Tumeyakamua.

Taipureta ni Olympia nzito ya ofisi, iliyokutwa na vumbi tu. Mswaki, mafuta kidogo kwenye reli, ikaamka.

Aprili: nakala ya kwanza

Mama wa chapa amekuja kwa bajaji, kavaa miwani miwili kwa zamu, mmoja wa kusomea na mwingine wa kutazamia watu. Alipiga ukurasa mmoja wa shairi la wanafunzi wa chama cha Kiswahili. Nilisimama nyuma yake. Mlio wa taipureta bila utepe ni mkavu zaidi, na wake una mapigo yasiyolingana kwa makusudi, nzito kwenye a, nyepesi kwenye mkato, kama alivyonieleza barazani. Alipomaliza aliinua stensili dhidi ya dirisha. Mwanga ulipita kwenye kila herufi, safi, na o zote zilikuwa na vitovu vyake.

Tukaitundika, tukailaza juu ya kitambaa, mikunjo tukaipapasa ikaisha. Mizunguko ya mwanzo ilitoa kivuli cha kijivu, kwa kuwa wino ulikuwa haujafika kote. Kisha maandishi yakaja meusi kutoka juu hadi chini, na darasa likapiga kelele ambayo mkuu wa shule aliisikia ofisini kwake.

Shida ni karatasi. Hizi za fotokopi za siku hizi ni ngumu na laini usoni, hazinywi wino, kwa hiyo kila nakala inapaka mgongo wa iliyotangulia. Halafu kwa unyevu wa masika zinashikana, zinapita mbilimbili. Karatasi za kudurufia za zamani zilikuwa na manyoya kidogo, zikinywa wino papo hapo. Tumepata mabaki ya karatasi za gazeti kwa mchapaji mmoja wa mjini, amezikata kwa kipimo cha fulskepu. Wino unazama mara moja, na upande wa pili maandishi yanatokeza kama zamani. Nimeinusa. Ndiyo yenyewe.

Mei: jaribio la Biolojia

Siku iliyopangwa umeme ulikatika tangu alfajiri na steshenari zote za jirani zimefunga mashine zao. Hatukupanga iwe hivyo, lakini mwalimu wa Biolojia wa kidato cha pili alikuja mwenyewe maabara na daftari lake.

Mama aliketi, akasoma. Mwalimu akakaa akimtazama, jambo ambalo nadhani hajawahi kufanyiwa tangu ameanza kazi. Swali la nne na la tisa yaliuliza kitu kimoja. Alama zilijumlika 48 badala ya 50. Neno "valvu" lilikuwa limeandikwa namna mbili. Wakarekebisha pamoja, kwa adabu, bila haraka, na swali la tisa lililoandikwa upya likawa bora kuliko yote kwenye karatasi ile.

Mchoro wa moyo umechorwa na msichana wa kidato cha tatu mwenye mkono mtulivu. Stensili ililazwa juu ya kioo cha dirisha, tochi ya sola chini yake, naye akakwaruza kwa kalamu ya ncha ya chuma. Inataka uzito mmoja kuanzia mwanzo wa mstari hadi mwisho. Ukilegeza, mstari unakatika, na ukikandamiza kwenye kona, nta inachanika na moyo unavuja wino. Kwenye mshipa mkuu alishusha pumzi, akauzungusha kwa mkupuo mmoja bila kuinua mkono. Mama alisema neno moja, "Huyo." Nilivyomwelewa, amempata mwanafunzi wake.

Vijana walipokezana mpini. Karatasi zilianikwa juu ya meza za maabara, zikagawiwa kipindi cha saba. Watoto walizipokea, na karibu wote, bila kuambiwa, wakazipeleka puani.

Mwanzoni mwa Juni: hali ilivyo

Lengo la barua limetimia na mkuu wa shule ameturuhusu kubaki na chumba. Jaribio la moyo limesahihishwa. Stensili yake imekandamizwa kati ya magazeti na imetundikwa, itafaa mwakani.

Yaliyobaki: rola kubwa bado inateleza karatasi ikiwa na unyevu, na nitatafuta mtu wa kuichukua uso kidogo kwa msasa laini. Stensili zinapungua. Ofisi ya mhasibu ina printa ya pini isiyotumika, na pini zake zikigonga bila utepe zinakata nta. Njia hiyo ilitumika sana ofisini kompyuta zilipoanza kuingia, na tutaijaribu kwa zile stensili zilizokauka nusu kabla ya kugusa nzuri. Kitambaa cha akiba kimeshanunuliwa.

Mama wa chapa amekubali kuja kila Alhamisi baada ya vipindi, nauli yake inatoka mfuko wa vilabu. Waliojiandikisha kwake ni wengi kuliko taipureta tuliyonayo, kwa hiyo watapokezana kwa kengele. Alhamisi hii anaanza nao na alama za uandishi: nukta, mkato, mkwaju na alama ya kuuliza, kila moja na uzito wake wa kidole.